Nyumba Moja, Mutoto Moja

Mwanamke anaweza kupiga vigelegele huku roho inamuuma. Usibishe. Rosaria alipiga vyake mbele ya kanisa la Nchelenge, Jumapili moja ya mwaka hamsini na nne, na waliokuwa karibu naye walisema hakuna sauti iliyopanda juu kuliko yake siku ile. Walidhani ni furaha. Furaha gani? Alikuwa anapiga ili asilie.

Ilikuwa siku ya kutangaza watoto waliochaguliwa kuingia darasa la tano katika shule ya bweni ya misheni. Shule yenyewe ilikuwa mbali, mwendo wa lori, na pwani nzima ya ziwa Mweru ilikuwa inaigombania. Mwalimu mkuu, Bwana Mubanga, alisimama kwenye ngazi ya kanisa akataja majina kwa sauti kavu, kama mtu anayegawa dawa chungu. Alipotaja "Goodson", wanawake walimgeukia Rosaria wakamkumbatia, kwa sababu Goodson alikuwa anakaa kwake, anakula kwake, na shati alilovaa asubuhi ile Rosaria ndiye aliyelifua. Rosaria akapiga vigelegele, akangoja jina la pili. Jina la pili halikuja. Mwalimu alifika mwisho, akasema tuombe.

Jina alilolingoja lilikuwa la Mwewa, mwanawe wa kumzaa. Mwewa alikuwa amesimama nyuma yake na kola ya shati mdomoni, anaitafuna.

Sasa ngoja niwaeleze watu hawa, maana usipowajua utamlaumu Rosaria kabla ya wakati wake. Rosaria na mdogo wake Agness walizaliwa Kasenga, ng'ambo ya Kongo, ndiyo sababu walipokuwa wawili walizungumza Kiswahili hata kama majirani wote walizungumza Kibemba. Rosaria aliolewa na Chilufya, mvuvi wa Nchelenge, mtu mpole aliyeshinda na nyavu zake kwenye kisiwa cha Kilwa, humo humo ziwani Mweru, nyumbani akija kama mvua za mwanzo. Agness aliolewa, akaachwa, akaingia biashara ya samaki, leo huku, kesho Kongo. Goodson alipoachishwa ziwa, alimleta kwa dada yake. Kwao hilo halikuwa jambo la kushangaza. Mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako, yameisha. Na ukishamtoa humwombi tena, kwa sababu kumwomba ni kumwambia dada yako usoni kwamba amemlea vibaya. Ni mlezi peke yake anayeweza kumrudisha, na lazima aseme kwa mdomo wake.

Basi Rosaria akawa na watoto wawili wanaolingana, mkeka mmoja, sahani moja. Goodson alikuwa mkubwa kwa miezi michache, na kijiji kikampa Rosaria jina lake: Bana Goodson, yaani mama yake Goodson. Hakulikataa. Lakini angalia jinsi mambo yalivyogawanywa. Goodson alijibu wakubwa bila kupepesa macho, na akianguka aliamka mwenyewe. Mwewa aliogopa radi, aliogopa mbwa wa katekista, aliogopa kuitwa jina lake mbele ya watu. Siku ya mtihani alitapika kabla ya kufika darasani. Woga ukimshika hivyo, Goodson humwekea mkono mgongoni na kumnong'oneza upuuzi, mpaka yule mwingine anacheka na makamasi yanamtoka.

Na Jumapili ile, nani alikuwepo? Agness. Alikuwa amefika siku hizo hizo na mashua ya samaki, kitenge kipya kiunoni, viatu miguuni, ngozi inang'aa kama ya mtu anayelala mpaka jua lipande. Jina la Goodson lilipotajwa alivua viatu akacheza mchangani.

"Mutoto yangu amepita," alikuwa anaimba. "Muone mutoto yangu."

Yako tangu lini, Rosaria akasema moyoni. Homa zake, nani alikaa nazo? Surua yake, nani aliipaka mafuta? Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na leo aliyekuja na viatu ndiye anayeshangiliwa. Lakini wivu wenyewe haukuanza siku ile. Ulianza tangu mama yao mzazi, ambaye akitaka kufurahi alimwita Agness, na akitaka maji alimwita Rosaria. Kila mara Agness alipokuja alileta kitu, sahani za bati zenye maua, sabuni ya kunukia, khanga, na kila kitu kilikuwa kizuri, na kila kizuri kilimchoma Rosaria. Alikipokea, akashukuru, akakiweka chini kabisa ya sanduku. Sasa hata shule imemfuata Agness. Yule wa Agness amepata, huyu wake anatafuna kola.

Hakungoja Chilufya arudi kutoka Kilwa. Kesho yake alimshika Mwewa mkono akaenda kwa mwalimu mkuu.

Bwana Mubanga alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yake, anapiga pasi suruali kwa pasi ya makaa. Hakuacha kupiga pasi.

"Kazi ya Mwewa ni muzuri," mwalimu alisema, Rosaria alipomaliza kulalamika. "Sikufichi, mama. Iko muzuri kupita ya batoto wengine bale tuliochagua. Lakini mwaka uliopita vijiji vingine vililia, banasema batu ba Nchelenge banabeba nafasi zote. Ndiyo kamati ikakata: nyumba moja, mutoto moja. Kwa nyumba yako tulikuta wawili. Tukabeba ule anayejibu akiulizwa."

"Goodson si wa nyumba yangu."

Maneno yalitoka yenyewe. Rosaria aliyasikia yakitoka kama yametoka kwa mtu mwingine, na hakuyakimbilia kuyarudisha. Mwewa aliinua kichwa akamtazama.

Mwalimu aliiweka pasi kwenye kigae. "Bana Goodson," alisema, "pwani yote inakuita hivi."

"Banaita tu. Ni mutoto ya mudogo wangu Agness. Agness iko hapa, unamujua. Yeye nyumba yake, mimi nyumba yangu. Yeye mutoto moja, mimi mutoto moja."

Kusema kweli mwalimu hakuwa mtu mbaya. Aliipenda kazi ya Mwewa, na sheria ile hakuitunga peke yake. "Maneno hayatoshi," alisema mwishowe. "Nyumba ni pale mutoto anakula na anapolala. Agness hana hata mafiga hapa, analala kwa batu. Kama mutoto ni wake, awashe moto wake, mutoto ahame. Jumamosi kamati inakaa. Mukuje bote. Nitauliza mbele ya bazee, na mutoto naye nitamuuliza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Rosaria aliyemkasirikia mdogo wake tangu utotoni sasa alikuwa na kazi ya kwenda kumwomba. Njiani alipanga maneno ya kujilinda. Alijua Agness atacheka. Atasema, kumbe dada yangu naye ana shida na mimi.

Alimkuta mahali mitumbwi inapotua, ameinama juu ya karai la samaki aina ya mpale, anaparua magamba, kitenge kimefungwa juu ya magoti. Rosaria alieleza haraka haraka, macho ziwani. Agness hakucheka. Kisu kilisimama mkononi.

"Yaya," alisema, kwa maana ndivyo walivyowaita wakubwa wao kwao, "unanirudishia mutoto?"

"Si kurudisha. Ni ya kamati tu. Shule ikifunguka mambo yanaisha."

"Ndiyo, ya kamati," Agness alijibu mbiombio, kama mnunuzi anayeogopa bei isibadilike. "Bon, sawa. Mi nakubali. Leo leo natafuta nyumba."

Na kweli, kabla jua halijazama alikuwa amepata nyumba ya mjane mmoja aliyehamia kijiji cha Kafutuma, ameifagia, amepanga mafiga matatu na kuwasha moto. Mtu aliyeshindwa kukaa mahali pamoja tangu aachwe na mume wake. Rosaria aliona ule moshi kutoka mlangoni kwake, na haraka ile haikumpendeza hata kidogo.

Alikunja mkeka wa Goodson mwenyewe. Kijana alisimama akimtazama.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu umefanya. Ni ya shule, juu ya Mwewa apate nafasi. Enda ukae kwa mama yako kidogo."

Goodson aliuweka mkeka kichwani akaenda, na Mwewa akamsindikiza mpaka nusu ya njia, akarudi, akakataa kula. Rosaria alimwambia asijitie ujinga, mwenzake hajafa, yuko hapo karibu na mti wa mnazi wa misheni, hata ukipiga mluzi anakusikia. Mwewa akasema hajui kupiga mluzi. Basi wakala, yaani Rosaria alikula.

Siku zilizofuata zilimfundisha Rosaria kitu asichokijua. Alikuwa anaujua wivu wa viatu, na wivu wa kitenge, na wivu wa mama mzazi anayemwita mmoja kwa kucheka na mwingine kwa maji. Huu ulikuwa mpya. Aliwaona ziwani, Agness ameingia majini mpaka magotini anamsugua Goodson kichwa kwa ile sabuni ya kunukia, na kijana, mkubwa vile, ametulia amefumba macho. Aliwaona wakirudi wakizungumza. Walikuwa na nini cha kuzungumza? Aliwahi kupika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo anayoipenda Goodson, akapeleka bakuli, akajiambia anakwenda kuangalia kama moto wa kamati unawaka sawasawa. Goodson alikuwa amekaa kando ya mafiga, miguu imenyooshwa, mdomo unang'aa mafuta.

"Tumekula, mama," alisema. "Mama Agness amepika mpale na nyanya."

Bakuli likarudi kama lilivyokwenda. Rosaria alimmwagia kuku mboga ile, halafu akamfukuza yule kuku.

Jumamosi ikafika. Kamati ilikaa ndani ya darasa, mwalimu mkuu katikati na wazee wawili wa kanisa pembeni, mmoja wao ni mzee Patson, mtu wa mzaha ambaye hata kwenye matanga lazima aseme neno. Rosaria na Mwewa walikaa dawati moja, Agness na Goodson lingine. Agness alikuwa amemvalisha mwanawe kaptula mpya.

"Goodson ni nani kwako?" mwalimu alimwuliza Rosaria.

"Mutoto ya mudogo wangu."

"Na kwa nyumba yako alikuwa nani?"

Rosaria aliangalia mikono yake. Mikono hii ilimpondea chakula yule mtoto alipokuwa hana meno ya nyuma, ilimtoa mwiba, ilimpiga kofi siku alipoiba mtumbwi wa watu. Halafu akamwangalia Mwewa, na kola ilikuwa imeloa mate mpaka kifuani, na akajiambia kwamba anayesita sasa hampendi mwanawe.

"Alikuwa mugeni," alisema.

"Mugeni tangu kuachishwa ziwa," mzee Patson akamwambia mwenzake. "Huyu mugeni hajui kuaga."

Walicheka kidogo. Mwalimu hakucheka. Alimwambia Goodson asimame aseme nyumba yake ni ipi.

Goodson alisimama. Hakumtazama mama yake mzazi. Alimtazama Rosaria, vile alivyomtazama siku zote akitaka kujua kama anaruhusiwa kuongeza tonge, na akangoja. Ni jambo dogo. Rosaria angeweza kuinamisha macho, na kijana angejua. Lakini alikuwa amefika mbali na kitu alichokitaka kilikuwa pale mezani, mbele ya wazee. Akaitikia kwa kichwa: ndiyo, sema.

"Kwa mama Rosaria nilikuwa mugeni," Goodson alisema kwa sauti nzuri, iliyosikika mpaka nje. "Nyumba yangu ni ya mama Agness."

Alijibu vizuri. Si ndiyo maana walimchagua?

Wakageukia habari ya Mwewa. Mzee Patson alisema kazi ni nzuri, sawa, lakini mtoto mwenyewe anatetemeka kama kifaranga cha mvua, na shule ya bweni si mahali pa kushika nguo ya mama. Watamrudisha hapa kabla ya mwezi kwisha, na nafasi itakuwa imepotea bure. Mwewa alisikia yote. Alikuwa anatazama mlango.

"Goodson atamuangalia," Rosaria alisema.

Mwalimu mkuu akainua macho. "Ule mugeni?"

Safari hii wazee walicheka sawasawa, Patson mpaka akakohoa, na uso wa Rosaria ukawaka moto. Aliyejibu ni Goodson, ambaye hakuna aliyemwuliza.

"Nitamuangalia," alisema. "Analala muzuri nikikuwa pale."

Mwalimu aliwatazama wenzake, wakakubali kwa vichwa. Nyumba mbili, watoto wawili. Mwewa alipewa nafasi yake, akaanza kulia, na haikujulikana ni furaha au ni woga, pengine yeye mwenyewe hakujua.

Rosaria alishinda. Lazima tumpe haki yake: mwanamke ambaye hajui kusoma alikwenda mbele ya kamati akageuza neno lao, na Chilufya aliporudi kutoka Kilwa alimsifu kwa siku nzima. Lakini yeye alikuwa anasikiliza njia. Alitandika mkeka wa Mwewa upande mmoja wa chumba akaacha nafasi upande wa pili. Jumapili ikapita. Jumatatu moshi wa Agness ukapanda kama kawaida. Mwishowe Rosaria alijifunga kitenge akaenda.

"Ya kamati imekwisha," alimwambia mdogo wake. "Nimekuja kumuchukua mutoto."

Agness alikuwa anashona kifungo kwenye ile kaptula. Hakuinua macho upesi.

"Yaya, ulisema mbele ya bazee."

"Ulijua ni juu ya nini nilisema."

"Najua. Mais, lakini ulisema." Sasa akainua macho, na yalikuwa mekundu. "Miaka yote, nilikuomba siku moja? Sikukuomba. Nilikuwa nakuja na masahani, na vitenge, nakuchekea, na ndani naungua. Nikilala kwako nasikia mutoto akiota ndoto mbaya, anaita mama, nainuka, naona anakukimbilia wewe. Mimi nilimuzaa, yaya. Nilikuonea wivu mpaka nikaogopa kuja. Unafikiri ni juu ya nini nilikuwa nakaa Kongo? Bon. Leo wewe mwenyewe umefungua mukono. Usiufunge tena."

Maisha yake yote Rosaria alidhani kwamba wivu ulikuwa wake peke yake, kwamba yule mwenye viatu hana cha kutamani. Na kumbe yeye ndiye aliyekuwa na mali, akailalia juu bila kuijua, na alipoijua alikuwa ameshaigawa mbele ya mashahidi. Alitaka kusema kwamba kulea mwana ndiyo kazi. Alitaka kusema mlezi halipwi mshahara wa miaka kwa kaptula moja. Lakini kwa desturi yao neno likishasemwa na mlezi halina pa kurudi. Akauliza kama wana chumvi. Agness akasema wanayo. Akaenda zake.

Siku ya lori, watu walijaa mbele ya misheni tangu asubuhi. Rosaria alikuwa amefunga mafurushi mawili, karanga za kukaanga na samaki wa kukausha, na alikuwa ameyapima mkononi mara nyingi ili yasizidiane. Mwewa alitapika karibu na gurudumu, kama ilivyotarajiwa. Goodson alikuwa ameshapanda juu; alimnyooshea Mwewa mkono, akamwambia kitu sikioni, naye akapanda huku anacheka na kulia, akalinyakua furushi lake kutoka mkononi mwa mama yake bila hata kumtazama, akalifungua papo hapo akaanza kutafuna karanga.

"Na hii ni yako," Rosaria alimwambia Goodson, akainua furushi la pili.

Kijana hakulivuta kutoka juu. Alishuka kwenye lori. Alipiga goti moja mchangani, akapiga makofi taratibu, mara mbili, viganja vimekunjwa, akalipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama," alisema. "Mungu akubariki."

Ilikuwa adabu kamili, ile Rosaria aliyomfundisha yeye mwenyewe, aitumie akipewa kitu na mama wa watu.

Lori likawashwa. Mwanamke mmoja wa Kafutuma aliyekuwa amesimama kati ya wale dada wawili alikuwa ameyaona yote, na alipendezwa sana.

"Huyu mutoto amelelewa muzuri," alisema.

"Asante," Agness akajibu.